MAONGEZI YA NYUMBANI: Mama Kijana wa Karthago



Mwezi huu twapenda kusema na vijana hasa. Lakini wazazi na waalimu wasiondoke barazani, kwa maana sehemu yao imo, nao wataiona mbele.

Vijana wengi hutujia, mmoja mmoja, na mara nyingi ni saa ya jioni, watu wakiisha kutawanyika. Maneno yao ni mbalimbali, lakini swali ni moja. Msichana ameposwa na mtu mwenye mali aliye na mke tayari, na baba amekwisha kupokea mahari. Kijana mwingine atakiwa kutia sahihi hesabu isiyo ya kweli. Akikataa atapoteza kazi, na nyumbani wadogo zake wangojea karo ya shule. Mwingine ameitwa kwenye tambiko la ukoo, na wazee wamemwonya ya kwamba asipokuja hatahesabiwa tena kuwa mtu wao. Nao wote huuliza hivi: Nikimtii Mungu katika jambo hili, watakuwaje hao niwapendao? Kisha huongeza kwa sauti ya chini: Mbona moyo wangu waogopa? Labda imani sina.

Swali hili si jepesi, wala hatutaki kulijibu kwa haraka. Ni rahisi mtu aliyeketi kivulini kumwambia aliye juani avumilie. Kwa hiyo leo tumemwita mwingine aje aseme nanyi, ambaye alikuwa juani kweli kweli. Ni Mwafrika, ni mwanamke kijana wa umri wa miaka 22 hivi, na mkononi ana mtoto anyonyaye. Jina lake Vibia Perpetua.

Perpetua alikaa katika nchi ya Karthago, mji mkubwa wa pwani ya kaskazini ya Afrika. Magofu yake yako hata leo karibu na Tunis, mji mkuu wa Tunisia, na mabaki ya uwanja ule alimofia yaweza kuonekana na kila msafiri. Mwaka ulikuwa 203 baada ya kuzaliwa Kristo. Nchi ile ilikuwa chini ya Rumi, na Kaisari aliyetawala alikuwa Septimius Severus, ambaye naye alizaliwa Afrika, katika mji wa Leptis Magna, nchi iitwayo Libya siku hizi.

Tena lipo jambo linalomtofautisha mama huyu na mashahidi wengi wa zamani. Habari za kifungo chake aliziandika yeye mwenyewe, kwa lugha ya Kilatini, siku baada ya siku, akaishia jioni iliyotangulia kifo chake. Na yaliyotukia uwanjani yakaandikwa na mwingine. Kitabu hicho kidogo ni katika maandiko ya kale kabisa tuliyo nayo yaliyoandikwa na mwanamke Mkristo. Kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha moyo wake ulikuwaje. Alitueleza mwenyewe, wala hakujipamba.

Alizaliwa katika nyumba ya watu wenye cheo, akafundishwa vema, akaolewa kwa heshima. Baba na mama yake walikuwa hai, na ndugu wawili wanaume, na mmoja wao alikuwa akijifunza dini kama yeye. Maana Perpetua alikuwa hajabatizwa bado. Alikuwa mwanafunzi wa ubatizo tu, kama wale wanaoketi mbele yetu katika madarasa yetu. Alishikwa pamoja na wanafunzi wenzake: Revocatus, na Felicitas mtumwa mwenzake Revocatus, na Saturninus, na Secundulus. Angalieni, enyi jamaa, jinsi Bwana alivyowakusanya: binti wa watu wakubwa na mjakazi katika mnyororo mmoja; na huyo mjakazi alikuwa na mimba.

Wa kwanza kuja kumwona alikuwa baba yake. Hakuja kama adui. Alikuja kwa kumpenda, akambembeleza auache Ukristo. Perpetua akamwonyesha mtungi mdogo uliokuwapo pale, akamwuliza kama chombo kile chaweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Baba akakiri ya kuwa hakiwezi. Ndipo binti akamwambia ya kwamba na yeye vilevile hawezi kujiita jina jingine ila lile alilo nalo, maana yeye ni Mkristo. Baba akaghadhibika, akamwendea kana kwamba atamng'oa macho, kisha akaenda zake. Na Perpetua, ambaye hakuficha neno, aliandika ya kuwa alimshukuru Mungu kwa zile siku chache alizokaa bila kumwona baba yake, akapata nafuu. Katika siku zizo hizo wakabatizwa. Alipokuwa majini Roho alimfundisha asiombe lo lote ila mwili wake upate kuvumilia. Hakuomba kufunguliwa.

Kisha wakatiwa gerezani, na hapa twawaomba vijana wasikilize sana. Perpetua aliogopa. Aliandika waziwazi ya kuwa aliingiwa na hofu, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kuona giza la namna ile. Palikuwa na joto kali kwa wingi wa watu, na askari wakali waliotaka fedha. Na zaidi ya hayo yote aliteswa kwa kumfikiri mtoto wake, aliyekuwa nje, naye hana wa kumnyonyesha.

Basi, wewe uliyetuuliza kama hofu ni alama ya kukosa imani, jibu lako ni hilo. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu ubatizo wake, na maji ya neema yalikuwa kama hayajakauka kichwani. Hata hivyo aliogopa giza, akalilia mtoto. Hofu ni ya mwili na damu. Bwana wetu mwenyewe katika bustani ya Gethsemane alihuzunika, akaomba kikombe kimwepuke. Imani haimwondolei mtu hofu kama mganga adaivyo kuondoa uchawi. Imani ni kukaa mahali pale Mungu alipokuweka, na hofu yako ikiwapo.

Lakini hakuachwa peke yake. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, walitoa fedha ili wafungwa wapelekwe kwa saa chache mahali palipo na hewa njema. Hapo Perpetua akaletewa mtoto, ambaye alikuwa amezimia kwa njaa, akamnyonyesha. Akasema na mama yake juu ya mtoto, akamtia moyo ndugu yake, akawakabidhi mwanawe wamtunze. Kwa siku nyingi aliteseka kwa masikitiko haya. Baadaye akapata ruhusa mtoto akae naye gerezani. Na mara moyo wake ukapona, na gereza lile la giza likawa kwake kama jumba la kifalme, hata asitake kuwa mahali pengine.

Hapa tena tusipite upesi. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na Perpetua aliujua. Yeye hakusema, Mungu atamtunza mtoto, kisha akaukunja mkono. Alimnyonyesha alipopata nafasi. Alisema na mama yake. Alimkabidhi kwa watu wenye majina. Aliomba ruhusa kwa wakubwa. Yote yaliyokuwa katika uwezo wake aliyafanya, na yale yaliyokuwa nje ya uwezo wake akamwachia Mungu. Bwana wetu naye, alipokuwa msalabani, hakumsahau mama yake, bali alimkabidhi kwa mwanafunzi wake, kama tusomavyo katika Yohana sura ya 19. Kwa hiyo kijana asemaye ya kuwa ameyatoa yote kwa ajili ya Mungu, na huku mkewe hajui watoto watakula nini, na mama yake mgonjwa hakuachiwa mtu wa kumteka maji, kijana huyo asijifananishe na Perpetua. Amevitupa vitu ambavyo hakupewa avitupe. Kumtumaini Mungu si kuukimbia wajibu.

Ndugu yake akamshauri amwombe Mungu amwonyeshe kama watafunguliwa ama watakufa. Akaomba, na usiku akaona katika ndoto ngazi ya shaba iliyofika mbinguni, nyembamba, apite mtu mmoja mmoja tu. Kando zake zilijaa panga na mikuki na ndoana, na chini yake alilala joka kubwa. Aliyetangulia kupanda alikuwa Saturus, mwalimu wao. Perpetua akalikanyaga joka kichwani kama kwamba ni kipandio cha kwanza, akapanda. Alipoamka alijua, na wenzake wakajua, ya kuwa wataondoka duniani.

Baba akaja mara ya pili, na safari hii hakuja kwa ghadhabu. Alikuwa amedhoofika kwa masumbuko. Akamsihi azihurumie mvi zake. Akamkumbusha jinsi alivyomlea na kumpenda kuliko ndugu zake wanaume. Akamtajia ndugu, na mama, na shangazi, na mtoto ambaye alidhani hataweza kuishi bila mama yake. Akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, wala hakumwita tena binti, alimwita bibi. Fikirini, wapenzi, mzee wa heshima apiga magoti mbele ya mwanawe!

Katika nchi zetu twafahamu uzito wa jambo hili. Mithali yetu yasema ya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na radhi ya wazazi ni mali kuliko mali. Wako vijana ambao, wakiisha kuupokea Ukristo, huwadharau wazazi wasioamini. Huwajibu kwa ukali, huwaita watu wa giza, na kudhani ya kuwa huo ndio ushujaa wa dini. Perpetua hakufanya hivyo. Alimhuzunikia baba yake. Alimfariji, akimwambia ya kuwa siku ya baraza litakuwa lile apendalo Mungu, kwa maana wao hawamo katika uwezo wao wenyewe bali wamo katika uwezo wa Mungu. Baba akaondoka na huzuni.

Siku ile ikafika. Walikuwa wakila chakula cha asubuhi, wakachukuliwa ghafula mpaka barazani, na watu wengi wakakusanyika. Mwenye kuhukumu alikuwa Hilarianus, aliyeshika madaraka ya liwali aliyekufa. Wenzake wakaulizwa, wakakiri. Zamu ya Perpetua ilipofika, baba akatokea na mtoto mikononi, akamvuta ashuke katika ngazi, akimsihi amhurumie mtoto. Hilarianus naye akamwambia azihurumie mvi za baba na uchanga wa mtoto, atoe dhabihu kwa ajili ya heri ya wafalme. Machoni pa watu lilikuwa jambo dogo. Kitendo cha dakika chache, naye angerudi nyumbani na mtoto wake. Akakataa. Akaulizwa kama ni Mkristo, akakiri.

Baba alipozidi kumsihi, Hilarianus akaamuru aangushwe chini, akapigwa fimbo. Perpetua aliandika ya kuwa aliumia kana kwamba amepigwa yeye, kwa ajili ya uzee ule wenye taabu. Kisha wakahukumiwa wote kutupwa kwa wanyama wakali.

Katika Mathayo sura ya 10 Bwana alitufundisha ya kuwa apendaye baba au mama, mwana au binti, kuliko yeye, hamstahili. Wengine hulisoma neno hili kama kwamba Bwana ametuamuru tuwapende jamaa zetu kidogo. Sivyo. Tazameni baraza la Karthago. Hakuna aliyempenda mzee yule kuliko binti yule aliyemkataza ombi lake. Fimbo ilipompiga mzee, aliyelia moyoni alikuwa yeye. Aliwapenda jamaa zake kwa upendo mwingi. Ila upendo huo haukukaa katika kiti cha Mungu. Na hapo ndipo penye dhabihu: mtu hatoi sadaka kile asichokipenda. Yule ambaye haimchomi kuachana na jamaa yake hajatoa kitu.

Wala hatutaki kulifunika neno hili kwa maneno matamu. Mtoto yule alikua bila mama yake, na mvi zile hazikupata faraja iliyotakwa. Gharama ilikuwa kubwa, nayo ililipwa. Mtu awaambiaye vijana ya kuwa wakimtii Mungu hawatapoteza lo lote anawadanganya. Tulichoahidiwa ni ya kwamba kilichowekwa mkononi mwa Mungu hakimo mkononi mwa mwizi.

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu. Baada ya hukumu Perpetua alimtuma shemasi Pomponius kwa baba amwombe mtoto, kwa kuwa alikuwa amezoea kunyonya. Baba akakataa kumtoa. Akina mama wanaosoma habari hizi wajua maana yake: mtoto atalia usiku, na matiti ya mama yatavimba na kuuma. Ni jambo ambalo Perpetua alikuwa ameliogopa tangu siku ya kwanza. Lakini, kama alivyoandika, kwa mapenzi ya Mungu mtoto hakuyataka maziwa tena, wala matiti yake hayakumwuma. Basi akastarehe, asiteswe na masikitiko ya mtoto wala maumivu ya mwili.

Angalieni saa ya msaada huo. Haukuja siku aliposhikwa. Haukuja usiku ule wa giza, ijapokuwa aliulilia. Siku ile alipewa msaada wa namna nyingine: saa chache za hewa njema, na mtoto kumnyonyesha. Kisha akapewa ruhusa ya kukaa naye. Kisha, mtoto alipotwaliwa, ndipo akapewa nguvu ya kuishi bila mtoto. Kama angalitaka kuipokea nguvu hiyo ya mwisho siku ya kwanza, asingaliipata, maana siku ile haikuhitajiwa.

Felicitas naye yalimpata vivyo hivyo. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na sheria ilikataza kumwua mwanamke mwenye mimba hadharani. Akahuzunika asije akaachwa nyuma, akauawa baadaye kati ya wahalifu wasio wenzake. Wenzake wakamwombea kwa pamoja, na zikisalia siku mbili kufikia michezo, utungu ukamshika. Kwa kuwa mwezi ulikuwa wa nane uzazi ulikuwa mgumu, akalia kwa maumivu. Mmoja wa watumishi wa gereza akamdhihaki, akamwuliza, ikiwa alia hivi sasa, atafanyaje mbele ya wanyama? Jibu la mjakazi yule lastahili kuwekwa moyoni. Alimwambia ya kuwa maumivu ya sasa ayachukua yeye mwenyewe, lakini kule uwanjani atakuwamo mwingine ndani yake, atakayeteswa kwa ajili yake, kwa kuwa yeye naye atateswa kwa ajili ya huyo. Akazaa mtoto mwanamke, na dada mmoja Mkristo akamchukua akamlea kama mtoto wake wa tumbo.

Hakuona haya kulia, wala hakujisifu ya kuwa tayari ana nguvu ya siku ya kesho. Ni kama mana kule jangwani, tusomayo katika kitabu cha Kutoka sura ya 16. Kila mtu aliokota ya siku yake, na waliojaribu kuiweka hata asubuhi waliikuta ina mabuu na uvundo. Neema ya kesho haitolewi leo. Vijana wengi hukaa usiku wakipima mzigo wa mwaka mzima kwa mabega ya usiku mmoja: Nikifukuzwa kazi, na karo ikikosekana, na mama akiugua, na watu wakinicheka. Kisha wakiona mabega hayatoshi, husema, Sina imani. Ndugu zetu, mabega hayo hayakupewa kwa mzigo huo. Ulizeni tu: Leo natakiwa kufanya neno gani lililo la kweli? Kulikataa kosa hili moja, au kulisema neno hili moja la haki, au kukaa na mgonjwa huyu usiku huu. Kwa hilo neema ipo. Kwa lile la kesho itakuwapo kesho.

Tarehe 7 Machi mwaka 203 wakatolewa uwanjani, katika michezo ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa Geta, mwana wa Kaisari. Secundulus alikuwa amekwisha kufa gerezani. Langoni walitaka kuwavika mavazi ya makuhani wa miungu, wanaume ya Saturnus na wanawake ya Ceres. Perpetua akakataa kabisa, akisema ya kuwa wamekuja hapo kwa hiari yao ili uhuru wao usivunjwe, na mkuu wa askari akakubali. Akaingia akiimba zaburi. Wanawake wakafunguliwa ng'ombe jike mkali. Akampiga Perpetua akaanguka. Naye alipoketi aliivuta nguo iliyopasuka akajisitiri, akatafuta pini azifunge nywele zake, kwa kuwa nywele zilizofumuka zilikuwa alama ya msiba, naye hakuwa katika msiba. Kisha akamwona Felicitas ameanguka, akamwendea, akampa mkono, akamwinua. Binti wa watu wakubwa akamwinua mjakazi, wakasimama pamoja mbele ya makutano.

Akawaita ndugu yake na mwanafunzi mwingine, akawaagiza wasimame imara katika imani, wapendane wote, wala wasikwazwe na mateso yao. Mwisho wakapeana busu la amani, wakauawa kwa upanga. Aliyetumwa kwa Perpetua alikuwa mpiganaji asiyezoea. Upanga wake ukagonga mfupa, mama yule akapiga kelele. Alilia, naam, hata hapo mwili ulikuwa mwili. Kisha akaushika mkono ule uliotetemeka, akauongoza mwenyewe mpaka kooni pake.

Jamaa za Kikristo, baada ya hadithi hii tusemezane sisi kwa sisi.

Kwenu wazazi twasema hivi. Mtoto wenu akichagua njia ya haki yenye hasara, msiwe wa kwanza kumvuta ashuke ngazi. Baba yake Perpetua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba mwenye kupenda, na kwa kupenda huko akawa jaribu zito kuliko giza la gereza. Tazameni na yule dada aliyemchukua mtoto wa Felicitas. Jina lake halikuandikwa, wala hakuingia uwanjani, lakini bila mikono yake moyo wa Felicitas ungalikuwa na mzigo mwingine. Mkisikia kijana amefukuzwa kazi kwa kukataa wizi, msimsifu kanisani tu. Mwulizeni wadogo zake wamelipiwa karo. Msichana akikataa ndoa isiyo halali akafukuzwa kwao, iko nyumba gani ya Mkristo iliyo na kitanda kwa ajili yake? Mashemasi wa Karthago walifungua mifuko yao. Imani ya kijana mmoja huchukuliwa na mikono mingi.

Kwenu waalimu twamkumbusha Saturus. Wanafunzi wake waliposhikwa yeye hakuwapo. Angaliweza kukaa mbali, akawaandikia barua za faraja. Akajitoa mwenyewe, akafungwa pamoja nao, kwa kuwa ni yeye aliyewafundisha. Ndiyo sababu Perpetua alimwona ametangulia katika ngazi. Basi tusiwafundishe watoto dhabihu ambayo sisi hatuigusi hata kwa kidole. Mwalimu afundishaye uaminifu, na huku hesabu ya shule ameivuruga, ngazi yake haifiki mahali.

Na kwenu vijana: si kila sauti isemayo toa ni sauti ya Mungu. Wako watu wawaambiao vijana watoe karo yao, au mshahara wao wote, au waache wazazi wao, na faida yamwendea huyo asemaye. Perpetua hakutafuta kifungo, na kilipomjia hakumtajirisha mtu. Pimeni sana. Kama dhabihu mnayodaiwa yawaumiza wadogo na kumnenepesha mkubwa, nendeni kwanza kwa wazee wenye busara mkaulize. Lakini kama ni haki yenyewe inayowaita, na mmewatunza wenu kadiri ya uwezo wenu, msingojee mpaka hofu iishe. Nendeni nayo. Haitawatangulia.

Kanisa huwakumbuka Perpetua na Felicitas kila tarehe 7 Machi. Augustino, askofu wa Hippo, naye Mwafrika wa kaskazini, alihubiri siku ya kumbukumbu yao karibu miaka 200 baada yao, na habari zao zilikuwa zikisomwa kanisani. Wakaisari wa Rumi wamekwisha, na baraza la Hilarianus limekuwa mavumbi. Lakini jina la mjakazi latajwa pamoja na la bibi, na watoto wetu hubatizwa kwa majina hayo.

Twawaomba habari hizi zisomwe nyumbani jioni moja, watoto wakiwapo, na kila mmoja aseme ni neno gani moja alilo nalo la kutenda kesho asubuhi.

Mungu awape neema ya siku ya leo, na kesho awape ya kesho. Hata mwezi ujao, tukijaliwa.